Nywele Zilizofubaa Zatuambia Nini?

Kwa miaka mingi nimekuwa msusi wa nywele hapa Lukafu. Sina duka wala kibao mlangoni. Nina kigoda, vitana viwili, uzi mweusi, na kivuli cha mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu. Siku za Jumamosi akina mama huja pamoja na binti zao, ili Jumapili waende kanisani wakiwa nadhifu. Na katika maneno yote ninayoyasikia hapo, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama hili: "Mama, nywele zangu zimefubaa. Hazing'ai tena. Nipake nini?"

Nami nimezoea kulijibu swali hilo kwa swali jingine: "Zimefubaa tangu lini?" Maana nywele hazifubai bure. Ziko sababu, wala si moja. Mtu akimbiliaye kopo la mafuta kabla ya kuuliza sababu afanana na yule apakaye chokaa ukuta unaovuja maji. Leo ukuta ni mweupe, watu wasifu. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha madoa yarudi palepale. Basi leo napenda tuzitazame sababu hizo moja moja, kuanzia zile nyepesi hata ile iliyo nzito kuliko zote, kwani hiyo ya mwisho yaweza kumwondolea mtoto uhai.

Kwanza tujue unywele ni kitu gani. Shina lake li hai, nalo limefichika ndani ya ngozi ya kichwa. Huko ndiko unywele hutengenezwa siku kwa siku, nao hukua kama sentimeta moja kwa mwezi, au pungufu kidogo. Lakini sehemu ile iliyokwisha kutoka nje, tunayoichana na kuisuka, haina uhai. Ni kama kucha. Nayo imefanywa kwa kitu kilekile cha kucha na pembe ya ng'ombe, kiitwacho keratini, ambacho ni jamii ya protini. Kwa hiyo yule asemaye kwamba mafuta yake "yanalisha nywele" asema maneno ya biashara. Kitu kisicho na uhai hakili. Unywele hulishwa kutoka ndani tu, kwa damu ifikayo shinani, na damu hulishwa kwa chakula.

Tena, unywele umefunikwa kwa magamba madogo mno, yasiyoonekana kwa macho matupu. Yamelazwa tabaka juu ya tabaka, kama nyasi za paa zilivyolazwa na fundi hodari, yakielekea ncha. Magamba hayo yakilala vizuri, nuru ya jua hulipiga paa hilo na kurudi pamoja. Hapo twasema nywele zinang'aa. Yakisimama, au yakivunjika, au yakifunikwa na uchafu, nuru hutawanyika huku na huku; hapo twasema nywele zimefubaa. Nenda mto Lufira asubuhi, upepo ukiwa haujaamka: maji yang'aa kama kioo. Urudi adhuhuri upepo ukivuma: maji ni yaleyale, lakini kioo kimevunjika. Ndivyo ilivyo nywele.

Hapa sina budi kuwaambia binti zetu neno moja la kuwatuliza moyo. Nywele zetu zimejisokota tangu kuumbwa kwake. Kila mzunguko huirudisha nuru upande wake, na mafuta ya asili yatokayo katika ngozi ya kichwa hupata shida kuteremka katika njia yenye kona nyingi namna ile. Kwa sababu hiyo nywele zetu haziwezi kung'aa kama utepe wa hariri, wala hazikukusudiwa kufanya hivyo. Uzuri wake ni weusi uliokolea, ulaini mkononi, na mng'ao wa upole. Binti anayezipima kwa picha za wanawake wa nchi za mbali ajitafutia huzuni ya bure.

Sasa tuje kwenye sababu. Ya kwanza ni maji na sabuni.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, alikuja kwetu binti wa mdogo wangu kutoka Lubumbashi. Harusi yake ilikuwa imebaki majuma matatu. Alikuwa na nywele ndefu za kutosha, lakini zilionekana kana kwamba zimepakwa majivu. Akaniambia karibu na machozi, "Mama mkubwa, naosha kila siku ya pili, na kila nikiosha zinazidi kuwa mbaya. Shemeji zangu watanicheka."

Nikamwuliza, "Maji ya kuoshea wayapata wapi?"

Akajibu, "Katika kisima cha jirani yetu."

"Na birika lenu la chai, ndani yake likoje?"

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Lina utando mweupe, mgumu. Hata kwa kisu hautoki."

Basi jibu lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe. Katika nchi yetu ya Katanga mawe ya chokaa yapo mahali pengi. Nani asiyejua chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi? Maji yapitayo katika mawe ya namna hiyo huyeyusha chokaa kidogo na kuichukua pamoja nayo. Maji hayo hayadhuru mtu kuyanywa, lakini hayapatani na sabuni. Sabuni ikikutana na chokaa, povu halitokei upesi. Badala yake hutokea utando mzito kama maziwa yaliyoganda, usioyeyuka. Utando huo hushika nguo, hushika beseni, na hushika nywele. Kadiri binti yule alivyoosha, ndivyo alivyozidi kujipaka utando. Tena sabuni yenyewe, hasa ile ya mche tufuliayo nguo, ina ukali ufanyao magamba ya unywele yasimame. Na ile ya unga ni kali zaidi. Haifai kabisa kugusa kichwa cha mtu.

Msomaji aweza kuyapima maji yake nyumbani bila gharama. Chukua chupa mbili safi. Moja itie maji ya mvua, nyingine maji ya kisima chako, kiasi kilekile. Tia katika kila chupa kipande kidogo cha sabuni, funga, kisha tikisa sana. Maji ya mvua yatafanya povu jingi, nayo yatabaki meupe kidogo tu. Ikiwa maji ya kisima yana chokaa nyingi, povu litakuwa haba na utaona mabonge madogo yakielea. Binti yule alipoyaona mabonge yale katika maji aliyokuja nayo kutoka mjini, alicheka mwenyewe.

Dawa yake ni nyepesi. Wakati wa masika tega maji ya mvua katika chombo safi, ukiacha mvua ya kwanza ioshe paa. Wakati wa kiangazi, ambapo kwetu mvua huadimika tangu Mei hata Septemba, chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina ya juu polepole na kuacha chokaa chini. Si chokaa yote itakayotoka, lakini sehemu yake itabaki katika sufuria badala ya kichwani. Osha kwa sabuni ya nywele, au sabuni laini ya kuogea, mara moja kwa juma au kwa majuma mawili. Kila siku ya pili ni kuzidi. Mwisho, kamua nusu ya limau katika lita moja ya maji, au tia kijiko kimoja cha siki, ukayamimine juu ya nywele zilizokwisha oshwa. Uchachu huo huyeyusha utando na kuyalaza tena magamba. Kisha suuza kwa maji matupu. Lakini angalia: usitie limau bila maji, lisiingie machoni, wala usiende juani nalo likiwa bado katika ngozi, maana limau na jua vikikutana huunguza.

Binti yule alifanya hivyo mara tatu katika majuma matatu. Sitasema nywele zake ziligeuka kioo. Nasema tu kwamba majivu yalikwisha, na siku ya harusi hapana shemeji aliyecheka.

Sababu ya pili ni mafuta yenyewe. Wengi hudhani kwamba mafuta mengi huleta mng'ao mwingi. Kwa saa moja ni kweli. Lakini sisi wa Lukafu twaijua nchi yetu. Wakati wa kiangazi lori moja likipita, vumbi jekundu hubaki hewani mpaka limekwisha kusahauliwa. Vumbi likikuta nywele kavu, hupita. Likikuta nywele zilizojaa mafuta mazito, hukaa. Jioni mtu ana udongo kichwani, naye huenda kununua mafuta zaidi ili kuuficha udongo. Hivyo kopo humaliza fedha, na nywele hazipati faida.

Mafuta ya vaselini, aliyoyapatia hati Bwana Chesebrough huko Marekani mwaka 1872, hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Hukaa juu ya unywele na kuyazuia maji yaliyomo yasikauke. Hilo ni jambo jema ikiwa ni kidogo na nywele zina unyevu. Lakini hayaingii ndani. Mafuta ya nazi yana tabia nyingine. Wanawake wa Unguja, Mombasa na Lamu wameyatumia tangu zamani, wakiyatia harufu ya asumini, na elimu ya leo imewapa haki. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Uhindi, Rele na Mohile, waliyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroli. Wakaona kwamba ya nazi tu ndiyo yaliyopunguza vizuri upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa huingia ndani ya unywele wenyewe. Kwetu bara nazi ni ghali, lakini hata anayeyapata hahitaji mengi: matone machache viganjani, katika nywele zilizooshwa na zenye unyevu bado, yatosha. Ayapake saa moja au mbili kabla ya kuosha, nayo yatamkinga na ukali wa sabuni.

Na katika kuchana, anza nchani, upande polepole kuelekea shinani. Wengi huanza shinani na kuvuta, nao huyavunja magamba kama mtu ang'oaye nyasi za paa lake mwenyewe. Usiku funga kitambaa laini, ili mto usizisugue nywele. Haya ni mambo madogo, hayana gharama, nayo hufanya kazi kuliko kopo.

Sababu ya tatu yanitia uchungu kuitaja, kwani naiona ikiongezeka. Ni dawa za kunyoosha nywele. Nyingi katika hizo zina soda kali, ileile tuitumiayo kugeuza mafuta kuwa sabuni. Mtu aliyepika sabuni ajua soda inavyofanya mkono usiokingwa. Dawa hiyo huvunja vifungo vya ndani ya unywele ili ulale, na kweli kwa siku chache nywele hung'aa, maana kitu kilicholala hurudisha nuru. Lakini magamba yamekwisha kudhurika. Baada ya majuma machache nywele huwa kavu, hukatika, na ngozi ya kichwa hubaki na vidonda. Nimewasuka wasichana ambao sikuweza kupata mahali pa kuanzia, kwa kuwa nywele za mbele zimekwisha kabisa, nusu kwa dawa, na nusu kwa kusukwa kwa kukazwa mno. Kwa hiyo nawaomba wasusi wenzangu: msichana akisema "yaniuma", legeza. Maumivu ni mzizi ukililia uhai wake.

Tena liko jambo jingine la kufikiri. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497, ambao walifuatwa kwa muda wa miaka karibu 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara nyingi, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Tusitishane. Ugonjwa huo bado ulikuwa wa wachache hata kati ya hao, na uchunguzi wa namna hii huonyesha mambo mawili yakienda pamoja, bila kuthibitisha kwamba moja limelizaa jingine. Lakini mtu mwenye busara akiona moshi hangoji mpaka auone moto. Mng'ao wa majuma mawili haustahili bei ambayo hatujui mwisho wake.

Sasa nafika kwenye sababu ya nne, ile niliyosema ni nzito.

Nywele zaweza kufubaa kwa sababu mwili wenyewe umepungukiwa. Baada ya homa kali, miezi miwili au mitatu ikipita, nywele nyingi hutoka kwa wakati mmoja. Kadhalika baada ya kuzaa. Hiyo hupita yenyewe, mama asiogope. Upungufu wa damu pia huzifanya nywele kuwa kavu na dhaifu. Lakini mtoto mdogo ambaye nywele zake zimefubaa, zikawa chache, laini kama manyoya ya kifaranga, tena zenye rangi nyekundu au ya majani makavu, huyo haombi mafuta. Huyo aomba kuokolewa.

Bibi mmoja jirani yangu, ambaye sisi sote humwita Nkambo, alikuwa akimlea mjukuu wa miaka mitatu. Mama wa mtoto alikuwa amejifungua mwingine, akamwachisha huyu kunyonya, akamtuma kwa Nkambo kama desturi yetu ilivyo. Siku moja bibi huyo alikuja kwangu na kijikombe kitupu mkononi.

"Mwanangu," akasema, "nigawie mafuta yako yale mazuri. Nywele za mjukuu zimegeuka nyekundu, na baba yake anakuja Jumapili. Nimempaka masizi na mafuta, lakini akioga tu wekundu unarudi. Sitaki baba yake aseme simtunzi."

Nikamwambia, "Nkambo, twende kwanza nimwone mtoto. Mafuta yapo, hayakimbii."

Nilimkuta ameketi karibu na ukuta, hachezi, hana habari na kuku waliopita mbele yake. Mashavu yalikuwa manene, hata mtu asiyejua angesema ameshiba. Nilishika unywele mmoja, ukatoka bila yeye kustuka. Kisha nikabonyeza juu ya mguu wake kwa kidole gumba, nikahesabu polepole mpaka tatu, nikaondoa kidole. Shimo likabaki. Nikabonyeza na mguu wa pili; na huko shimo likabaki.

"Nkambo," nikasema, "mtoto hula nini?"

"Bukari," akajibu, "na sombe. Anakula vizuri, hata jana alimaliza."

"Bukari ya nini?"

"Ya mihogo. Mahindi yamekwisha."

"Na karanga?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Karanga niliuza, nikabakiza mbegu."

Sikumlaumu, na msomaji asimlaumu. Yule mzee alikuwa akimpa mjukuu wake chungu kizima cha alichokuwa nacho. Aliyauza mazao yake ili anunue chumvi, sabuni na daftari za wajukuu wengine. Hapana aliyemwambia kwamba tumbo laweza kujaa na mwili ukaendelea kufa njaa. Nikamwambia tu, "Nkambo, ugonjwa huu hauko kichwani. Nywele zimetuita ili tutazame miguu. Tusingoje Jumapili. Funga mtoto mgongoni, twende kituo cha afya sasa hivi." Akasimama bila neno. Njiani mara moja tu aliuliza, "Atapona?" Nikasema, "Tukifika leo, ndiyo tumaini letu."

Ugonjwa ule unajulikana duniani kwa jina la kwashiorkor. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaika, aliueleza katika maandishi yake mwaka 1933, akiwa kazini katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina lile alilolisikia kwa akina mama wa kabila la Ga: jina la ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona vizuri, kuliko wakubwa wengi wa siku zile. Katika Kongo yetu pia watu waliutambua kwa macho yao. Huko Kwango, upande wa magharibi, waliuita kwa neno lenye maana ya wekundu, na daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Angalieni basi: kabla ya vipimo na vitabu, wazee walikuwa wamesoma ugonjwa katika rangi ya nywele na ngozi.

Wekundu huo watoka wapi? Tulisema unywele hufanywa kwa protini. Mwili uliopungukiwa huwa kama baba mwenye fedha kidogo: hununua unga kwanza, nguo baadaye. Moyo na ubongo hupewa kwanza, na nywele huachwa mwisho. Shina hutoa unywele mwembamba, usio na rangi ya kutosha, usioshika vizuri. Wataalamu wa leo wasema kwashiorkor ina sababu zaidi ya upungufu wa protini peke yake, kwani magonjwa ya kuharisha na upungufu wa vitu vingine pia huchangia. Lakini katika nyumba zetu njia yake ni ileile: mtoto aliyeachishwa kunyonya, na sahani yenye mihogo mitupu. Katika gramu 100 za unga wa mihogo protini ni kama gramu 1 au 2 tu. Katika gramu 100 za karanga ni kama gramu 25. Viwavi vilivyokaushwa, vinkubala vyetu vya porini, huzidi hata hizo kwa mbali, na samaki wakavu wa Luapula kadhalika. Na mafuta mekundu ya mawese yana kile kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Kijiko kimoja cha mawese katika sahani ya mtoto chafaa kuliko kijiko hichohicho kichwani pake.

Kituoni walimpima mkono kwa utepe, wakambonyeza miguu kama mimi, wakampa maziwa ya dawa kidogo kidogo, mchana na usiku. Maana mtoto wa namna hiyo hashibishwi ghafula; chakula kingi kwa mara moja chaweza kumwua. Uvimbe ulipokwisha, ndipo wakampa ile lishe ya karanga iliyofungwa katika vipakiti, ambayo daktari André Briend wa Ufaransa na mwenzake waliibuni mwaka 1996 kwa kuchanganya karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari na vitamini. Nkambo alipoionja kwa ncha ya kidole, alitazama chini kwa muda mrefu. "Kumbe ni karanga," akasema.

Baba alikuja Jumapili ile, naye alimkuta mwanawe kituoni. Hakugombana na mama yake. Aliketi karibu naye kwenye mkeka, wakamnywesha mtoto kwa zamu.

Baada ya miezi mitatu mtoto yule aliletwa kwangu. Alikuwa akimfukuza kuku. Kichwani nywele zake zilikuwa na rangi mbili: shinani, kiasi cha upana wa vidole viwili, nyeusi tititi na zenye kung'aa, nchani, nyekundu bado. Mtu angeweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo njaa iliishia na chakula kilipoanzia, kama alama ya mafuriko katika ukuta wa nyumba. Nilichukua mkasi, nikaziondoa zile nyekundu. Hakuna tone la mafuta lililopakwa, na weusi ule ulikuwa mzuri kuliko wote niliopata kuuona katika kazi yangu.

Basi, wazazi wapenzi, nanyi vijana msomao ukurasa huu, yatupasa kushika neno moja: mng'ao ni ushuhuda wa hali ya mtu. Ukipotea, uliza kwanza, paka baadaye. Ni mtu mzima mwenye afya? Tazama maji yake, sabuni yake, vumbi na kitana chake. Haya yatengenezwa nyumbani kwa limau na subira. Ametumia dawa kali? Aache, akate zilizokufa, angoje zilizo hai; sentimeta moja kwa mwezi si mwendo wa haraka, lakini ni mwendo wa hakika. Amekuwa mgonjwa, au amejifungua? Ale vizuri, apumzike, na zisiporudi amwone daktari. Na kama ni mtoto mdogo, nywele zimefifia na kuwa nyekundu, uso umevimba, kucheza hataki: acha kopo mahali pake, bonyeza miguu yake yote miwili, na shimo likibaki, njia ya kituo cha afya ni ya leo, si ya kesho.

Nanyi mnaovuna karanga mwaka huu, uzeni, kwa maana mahitaji ni mengi. Lakini kabla gunia halijafungwa, tengeni debe la watoto. Halitauzwa, halitakopeshwa, wala halitakuwa mbegu. Litatwangwa, litiwe katika sombe siku kwa siku, na kila mpita njia ataliona katika vichwa vya watoto wenu.